Mjadala: Makato ya mkulima wa tumbaku tunayajua, kodi ya mnunuzi je?

Wadau wa Tabora na kwingineko, naweka hoja hii mezani nikiwa na msimamo tayari. Kila kampuni kubwa inayofanya biashara nchini, hasa yenye kampuni mama nje, ibanwe na sheria itangaze hadharani kila mwaka: imeuza kiasi gani, imepata faida gani, imelipa kodi kiasi gani, na iwe nchi kwa nchi.

Mkulima wa Urambo, Kaliua au Sikonge hana siri. Mtumba wake wa tumbaku ukishapimwa na kupangiwa daraja, mkopo wa pembejeo unakatwa, chama cha msingi kinakata chake, na hesabu zinasomwa kwenye mkutano mkuu mbele ya majirani. Baada ya hapo tumbaku inaondoka, na hesabu zinaondoka nayo. Kampuni yenye matawi nchi nyingi inaweza kuiuzia kampuni dada ya nje kwa bei ya chini, kisha ikalipa ada ya menejimenti na riba ya mkopo kwa kampuni mama. Faida inaota kule kodi ilikolegea, na vitabu vya hapa vinaonyesha hasara. Si lazima sheria yoyote iwe imevunjwa, na hilo ndilo linaloniuma. Jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki, rais wa zamani wa Afrika Kusini, lilieleza mwaka 2015 kwamba Afrika inapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kwa mwaka kwa fedha zinazotoroshwa, na sehemu kubwa inapitia biashara za kampuni.

Watu wa Nzega wanalijua hili kwa upande wa dhahabu. Mgodi wa Golden Pride ulifanya kazi pale tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, zama ambazo mikataba ya madini ilikuwa siri, nayo iliweka kikomo cha dola 200,000 kwa mwaka kwa malipo ya kampuni kwa halmashauri, badala ya asilimia 0.3 ya mauzo. Diwani angehoji nini, ilhali mkataba wenyewe hakuuona?

Madini yamepiga hatua tangu hapo. Sheria ya uwazi katika uziduaji (uchimbaji wa madini, mafuta na gesi) ya 2015 inataka malipo ya kampuni yatangazwe na kulinganishwa na kile serikali inachosema imepokea. Kwa nini tumbaku, simu, benki na saruji zibaki nje?

Kuna wanaosema Mamlaka ya Mapato (TRA) inazo taarifa, inatosha. Haitoshi. Chini ya mpango wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linaloundwa hasa na nchi tajiri, kundi la kampuni lenye mapato kuanzia euro milioni 750 huwasilisha ripoti ya nchi kwa nchi kwa mamlaka ya kodi, kwa kawaida ya nchi ya kampuni mama, na mamlaka hupeana kwa makubaliano. Mwananchi haioni. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2021 ripoti hizo ziwe wazi, lakini nchi nyingi za nje ya umoja huo, zetu zikiwemo, zinaruhusiwa kujumlishwa kapu moja. Tukisubiri Brussels, takwimu za Tabora hatutazipata.

Hoja ya kwamba wawekezaji watakimbia siioni: migodi inatangaza malipo yake na bado inachimba. Ninayoiheshimu ni ile ya kwamba kampuni changa inaweza kupata hasara halali miaka kadhaa kwa sababu ya mtaji mkubwa iliouzamisha, na wananchi wakaihukumu bure. Basi sheria iiruhusu kuambatanisha maelezo. Siri za wateja na mapishi ya bidhaa zibaki zake, sizitaki.

Anayepinga namwomba ajibu hili moja: kati ya mauzo, faida na kodi iliyolipwa, ni tarakimu ipi ambayo mkulima aliyeuza tumbaku hiyo hastahili kuiona, na kwa nini? Wabunge wetu wa Tabora nao waseme kama wako tayari kulipeleka bungeni.