Titresheni: bureti inasoma 28.2 badala ya 25, tatizo liko wapi?

MwlKigoma
Habari zenu walimu na mafundi maabara. Naandaa praktiko ya kidato cha nne. Bureti (mrija wa kushushia na kupima kimiminika) ina asidi ya HCl 0.1 M (mol 0.1 kwa lita), pipeti inapima cm³ 25 za besi ya NaOH 0.1 M, kiashiria, yaani rangi inayoonyesha asidi na besi zimemalizana, ni methili oranji. Nilitegemea cm³ 25, napata 28.1, 28.2, 28.2. Nimebadilisha bureti na pipeti, majibu ni yale yale. HCl nimetumia cm³ 8.6 za asidi kali (isiyopunguzwa kwa maji) kwa lita, NaOH gramu 4 kwa lita. Maji ni ya bomba, yanatoka ziwani. NaOH imekuwa na ukungu mweupe. Nirekebishe nini?

Bureti50
Mkono wako hauna shida, Mwalimu. Anayepitiliza rangi, au aliyeacha hewa kwenye ncha ya bureti, hupata namba za kurukaruka: 24.6, 26.1, 25.3. Zako zinapishana kwa 0.1 tu, kwa hiyo kosa limo ndani ya miyeyusho. Wala si unyevu ulioingia kwenye NaOH, maana huo ungepunguza usomaji na wewe umezidi. Nashuku maji. Chemsha ya bomba, yaache yapoe, utengeneze upya.

FundiMaabara
Kuchemsha hakutoshi. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, yamejaa bikaboneti (chumvi inayokula asidi), na sehemu kubwa yake imeandamana na sodiamu na magnesiamu. Ukichemsha, bikaboneti ya kalsiamu inaanguka chini kama ukoko wa birika, lakini ya sodiamu inabaki na kugeuka kaboneti, ambayo bado inakula asidi. Ule ukungu mweupe ni magnesiamu na kalsiamu zikigandishwa na NaOH.

Pima hivi: weka cm³ 100 za maji ya bomba kwenye chupa koniko, matone mawili ya methili oranji, kisha shusha asidi yako hiyo hiyo mpaka njano igeuke rangi ya chungwa.

MwlKigoma
Nimepima. Zimetumika cm³ 6.4.

FundiMaabara
Basi jibu limepatikana. Lita moja ya maji yako ina besi ya kama mol 0.006. Asidi uliyoichanganya na maji hayo imeshuka hadi 0.094 M kabla hata haijaingia kwenye bureti. Upande wa pili NaOH imeongezewa, inafanya kazi kama 0.106 M. Zidisha 25 kwa 0.106, gawanya kwa 0.094: 28.2. Yaani maji yamekuvuta pande zote mbili, ndiyo maana tofauti ni kubwa hivyo.

MaabaraTabora
Huku tunakinga mvua. Acha mvua ya kwanza isafishe bati, kisha kinga kwenye ndoo za plastiki. Usitumie tangi la saruji, linatoa chokaa na utarudi pale pale. Jaribu cm³ 100: tone moja au mawili ya asidi yakigeuza methili oranji, maji yanafaa. Ya betri pia yanafaa, ila soma lebo kwa makini, kwani asidi ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana nayo.

Na suuza ya mwisho ya chupa koniko iwe kwa maji hayo hayo safi. Bureti isuuzwe kwa asidi yake, pipeti kwa besi yake. Chupa koniko usiisuuze kwa besi kamwe, utaongeza kiasi usichokipima.

MwlKigoma
Nina lita 7 tu za maji yaliyokenekwa, wanafunzi 40.

FundiMaabara
Zitumie kwa NaOH. Kila mmoja cm³ 150 ni lita 6, inayobaki ni ya kusuuzia, kidogo kidogo. Asidi itengeneze kwa maji ya bomba, lakini weka cm³ 9.1 za asidi kali kwa lita badala ya 8.6; hiyo nusu cm³ ya ziada inamaliza bikaboneti. Tikisa, acha wazi mpaka vipovu vya kaboni dioksidi viishe. Kisha hakiki: gramu 5.3 za kaboneti ya sodiamu isiyo na maji kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa, au gramu 0.53 kwa cm³ 100 ukibana matumizi. Pipeti moja ya cm³ 25 inapaswa kutumia cm³ 25 za asidi kwa methili oranji. Kiashiria usibadilishe kuwa fenolfthalini: kaboni dioksidi iliyobaki kwenye asidi hiyo itakula NaOH, na rangi ya waridi itapotea mapema.