Nampeleka mama Lamu baada ya harusi ya Mombasa, tuone nini na tulale wapi?

Nuru_Mwanza
Habari zenu wadau, naomba mawazo yenu. Mwezi wa 12 tuna harusi ya binamu yangu Mombasa na ikishaisha nataka nimchukue mama twende wote Lamu siku chache kabla ya kurudi Mwanza. Mama alikuwa mwalimu wa historia sekondari, miaka yote hiyo kafundisha habari za miji ya pwani na hajaona zaidi ya Dar na Bagamoyo, sasa kastaafu na mimi nna hela kidogo nikaona huu ndo wakati wenyewe.

Shida ni kwamba magoti yanamsumbua, kutembea anatembea ila si mwendo mrefu, na ngazi zinampa tabu kweli. Nasikia huko hakuna magari, ni punda na miguu tu, vichochoro vyembamba mpaka mkikutana wawili mmoja ajibane ukutani. Sitaki nimpeleke halafu ashinde chumbani. Kwa wenyeji na waliofika, tulale upande gani, vitu gani mtu wa namna hiyo ataviweza, na njia ya basi ikoje? Na kama kuna kitu ambacho huwezi kukiona mji mwingine nitajieni pia, si lazima kiwe cha watalii.

Mwana_wa_Amu
Karibuni sana dada Nuru, na mama mwambie Amu inamsubiri, ndivyo sisi wenyeji tunavyoiita Lamu. Mimi mzaliwa wa mtaa wa Langoni, kazi iko Mombasa ila kila likizo niko nyumbani, kwa hiyo nakwambia ninachokijua.

Kwanza ngazi, maana hapo ndipo wageni wengi wanapopata tabu. Nyumba zetu za zamani ni za mawe ya matumbawe na dari ya boriti za mikoko, na boriti hazina urefu mkubwa kwa hiyo vyumba ni vyembamba na nyumba inaenda juu badala ya kutanuka, ghorofa mbili tatu na ngazi zake kali na nyembamba. Vyumba ambavyo watu wa nyumba za wageni wanavipenda kukupigia picha ni vile vya juu kabisa chini ya makuti, upepo mzuri bahari yote unaiona lakini mama hatapanda huko kutwa mara tatu. Omba chumba cha chini, na kabla hujatuma hela waambie wakupigie picha ya ngazi, wala usione haya.

Pili kaeni karibu na bahari, kati ya gati na makumbusho. Hapo kila kitu kiko karibu, unatoka tu nyuma unakuta ngome na uwanja wa Mkunguni. Ngome ilianza kujengwa 1813 ikaisha 1821, baadaye ikawa jela mpaka 1984, wapo watu wazima mjini wanaokumbuka wafungwa mle ndani. Makumbusho ya mbele ya bahari yana siwa, ile baragumu ya shaba iliyokuwa inapigwa kwenye shughuli za wakubwa, mwalimu wa historia akisimama mbele ya ile utapata kazi kumtoa. Kuna pia nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 imewekwa kama ilivyokuwa, mwambie aangalie zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, jinsi zilivyopangwa safu kwa safu, chokaa imechongwa mpaka unajiuliza fundi alikuwa na subira gani. Na kile kijumba cha posta ya Wajerumani, walikuwa na posta hapa 1888 mpaka 1891, zama zile waliposhikilia Witu kule bara. Bei ya watu wa Afrika Mashariki ni nafuu kuliko ya wageni wa mbali kwa hiyo mtembee na pasipoti zenu.

Kuhusu magari nisikudanganye, bodaboda zimeingia miaka ya karibuni hasa nyuma ya mji, na wengi wetu hatujalifurahia hilo kabisa. Mji huu umekuwa urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001 na tunataka ubaki unasikika kwato si injini. Lakini humo ndani mtaani bado ni punda.

Msafiri_Nai
Njia ya basi: Mombasa, Malindi, Garsen, Witu mpaka Mokowe, hapo barabara imeisha unaingia kwa boti mpaka Amu. Lami siku hizi ni poa, zamani ilikuwa vumbi na mashimo kuanzia Garsen. Safirini mchana, chukueni basi la asubuhi kabisa, na kuna vizuizi vya polisi vingi mnashuka mnaonyesha vitambulisho kwa hiyo pasipoti zisiwe chini ya mabegi. Hiyo njia imewahi kuwa na matatizo ya usalama, wiki ya safari uliza watu wa basi na watu wa hoteli hali ikoje, hao ndio wanajua ya leo. Kama hela inaruhusu ndege ni rahisi zaidi kwa mzee, ziko za kutoka Nairobi, unatua kisiwa cha Manda na unavuka na boti dakika chache tu.

Kulala mimi ningesema Shela, kijiji cha pili hapo hapo kisiwani. Kumetulia, kuna ufuo wa kilomita 12 mchanga mtupu, mji wenyewe una kelele za punda usiku, punda akianza saa tisa hulali tena. Mama anahitaji kupumzika.

Mwana_wa_Amu
Ndugu yangu Shela ni nzuri sikatai, ila kwa huyu mama sikubaliani nawe. Shela ni mchanga, kila hatua mguu unazama, mtu mwenye magoti mabovu atachoka kabla hajafika popote. Na vitu alivyovifundisha viko Amu. Waende Shela asubuhi moja kwa boti, waone mnara wa msikiti wa Ijumaa wa 1829 ule mweupe uliochongoka, wale samaki, warudi. Huko kwenye machuguu ya mchanga ndiko vilipopiganwa vita vya Shela, watu wa Amu waliwashinda Wamazrui waliokuwa wanatawala Mombasa na wenzao wa kisiwa cha Pate, mama atakueleza yeye. Na chini ya machuguu hayo hayo ndipo yalipo maji matamu tunayokunywa mji mzima, ndio maana tunapiga kelele wakitaka kujenga juu yake.

Kelele za punda ni kweli, hapo sina la kusema.

MamaSaidi_Tanga
Mwanangu Nuru hongera kwa kumkumbuka mama, Mungu akuzidishie. Mimi nilienda na mashoga zangu wakati wa Maulidi, yale yanayosomwa msikiti wa Riyadha aliouanzisha Habib Swaleh, watu wanatoka Visiwani, Ngazija, kila pembe ya pwani, na mji unafurika mpaka watu wanalala barazani. Hayo yanakuwa Mfungo Sita kwa hiyo hamtayakuta mwezi wa 12 mwaka huu lakini siku moja ukipata nafasi nenda, kuna mashindano ya punda na ya majahazi na watu wanavyoshangilia punda kule utadhani ni fainali ya Simba na Yanga.

Nakuja kwenye chakula maana naona wanaume hapo juu wameongelea mawe tu. Asubuhi tafuteni mahamri na mbaazi za nazi, mle hapo hapo zikiwa za moto. Jioni teremkeni Mkunguni, mishkaki, viazi karai, bajia, mkate wa mofa, halafu juisi ya ukwaju. Samaki wa kupaka kila mtu atakwambia mahali pake ila mimi nilikula tamu zaidi kwa mama mmoja aliyekuwa anapika nyumbani kwake, uliza hapo mtakapofikia kama kuna mwanamke anayepikia wageni nyumbani, mnakaa chini kwenye mkeka mnaongea, na huyo mama yako mwalimu atapata mtu wa rika lake wa kupiga naye soga. Kama kukaa chini kunamsumbua aseme tu, ataletewa kiti, haimuudhi mtu.

Mavazi: ni mji wa Waislamu na watu wake wana heshima zao, dera na mtandio vinatosha kabisa, hata kanga mbili. Kaptura na vinguo vya ufukweni vaeni ufukweni. Pombe msiulizie mitaani. Na ukimpita mtu msalimie, mji huu mtu anayepita bila salamu anaonekana ana matatizo.

Tanga_la_Kaskazi
Naongezea upande wa baharini maana Lamu bila maji hujaiona. Kitu cha kwanza fahamuni kupwa na kujaa, safari zote zinapangwa na hilo si na saa ya mkononi. Pale gatini ngazi za mawe zina ukungu wa kijani, maji yakipwa boti inakuwa chini sana na mama atatakiwa kushuka vidaraja vyenye utelezi huku boti inacheza. Maji yakijaa boti inakuja usawa wa ngazi ya juu, mnanyoosha mguu tu mko ndani. Kwa hiyo kila mkipanga kutoka muulize nahodha, maji yatajaa saa ngapi, na akitaka kuwapeleka muda mbaya kwa sababu ana haraka ya mteja mwingine mtafuteni mwingine, wako wengi.

Takwa, upande wa Manda, ni magofu ya mji ulioachwa karne ya 17, watu wake ndio waliohamia Shela na mpaka leo watu wa Shela wanarudi kule kusali kuomba mvua. Kuna kaburi la nguzo la 1680 na kitu. Mnapita mfereji kati ya mikoko na bila maji kujaa hamfiki, mkichelewa kutoka mnakaa kusubiri. Njia ya kuingilia ile ni tambarare, naamini mama ataiweza taratibu na fimbo, akichoka akae kivulini chini ya mbuyu.

Matondoni ndiko wanakounda majahazi. Nenda ukamwone fundi anavyotia kalafati, anachukua pamba iliyotiwa mafuta anaisokota kwa kiganja kama uzi mnene, anaipachika katikati ya mbao mbili na kuigonga kwa patasi butu, tok tok tok, anasogea kidole kimoja anagonga tena, na chombo chote kitapita mikononi mwake hivyo hivyo kuanzia mkuku mpaka juu, hana mchoro wa karatasi. Na kwa kuwa umeuliza kitu ambacho hakiko mji mwingine, ulizieni Flipflopi, ni jahazi lililoundwa hapa Lamu kwa plastiki ya taka, limevishwa ndala zilizookotwa ufukweni za kila rangi. Lilishushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Kama liko safarini mtakosa kuliona ila mafundi wake ni watu wa hapa hapa na wanapenda kuongea na wageni.

Mwezi wa 12 ni msimu wa upepo wa kaskazi, bahari imetulia na jua ni kali, mchana kuanzia saa sita mjifungie ndani kama wenyeji.

Nuru_Mwanza
Jamani asanteni sana, nimemsomea mama yote, pale kwenye vita vya Shela akanikatisha akaanza kunifundisha pale pale hadi chai ikapoa. Chumba cha chini karibu na gati ndo nimeamua. Maswali mawili tu: mizigo inafikaje kutoka gatini, na je mama anaweza kupandishwa punda kwa umbali ule unaomshinda au ni kumdhalilisha mnyama?

Mwana_wa_Amu
Mizigo kuna vijana wenye mikokoteni pale gatini, patana bei kabla hajagusa begi, na mwambie jina la nyumba tu, wanazijua zote.

Kumpanda punda si aibu wala dhuluma, hapa hata wazee wetu wanapanda wakienda shamba, ila punda wetu hana tandiko la maana, unakaa nyuma kwenye kiuno chake kabisa, na mtu mwenye magoti mabovu kupanda na kushuka ndiyo kazi yenyewe. Kwa mama bora boti kwa safari ndefu na miguu taratibu kwa mtaani, kila nyumba kubwa ina daka mlangoni lenye vibaraza vya mawe pande mbili, akichoka anatoa salamu anakaa, hakuna atakayemuuliza. Mkitaka punda nendeni mkawaone kwenye kliniki yao pale barabara ya bahari, wanatibiwa bure tangu 1987, asubuhi ndiyo kunakuwa na pilika, anatoka wa kuoshwa kidonda anaingia wa kutolewa minyoo, na wenye punda wamepanga foleni nje na punda wao.

Nuru_Mwanza
Basi hilo la kliniki kalipenda kuliko yote, kasema ndo tuanze nalo. Nikishapata tarehe za basi nitakuja kuwauliza maji yatajaa saa ngapi siku hiyo.

Tanga_la_Kaskazi
Andika tarehe hapa tu dada, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, siku hizo hasa ndizo za kuangalia saa ya kushuka Mokowe. Nitakupigia hesabu.