Picha za ndani ya nyumba: ruhusa ni ya nani?

BintMalindi
Assalaam alaykum. Mwaka wa tatu huu nawapiga picha watu wa nyumbani kwetu: bibi akichagua mchele, mama akifukiza nguo udi, sanduku la picha za zamani likifunguliwa. Nataka kuzitundika mahali watu wazione, ijulikane sisi ni nani. Bibi kakubali. Mjomba kakataa kabisa, anasema nawavua watu sitara yao. Mnasemaje?

Shangani_Asili
Mjomba wako ana haki. Bibi huyo kakubali kwa kumpenda mjukuu, basi. Picha ikishaingia kwenye simu za watu hairudi. Zamani mtu alivaa, akaenda studio, akakaa kwa adabu zake. Hiyo ndiyo picha ya familia. Tena ilikuwa mambo ya watu wa mjini, watu wa shamba picha wamezijua juzi.

Mwana_wa_Wete
Juzi ipi hiyo? Babu yangu alikuwa mchumaji karafuu. Picha yake ninayo: kasimama na baiskeli, nyuma turubai limechorwa minazi. Alikufa mie sijazaliwa. Hebu nifafanulie "watu wa shamba" ni nani.

Shangani_Asili
Usinilishe maneno. Nasema kazi yenyewe ilianzia huku Unguja mjini. Capital Art Studio ya Oza ipo Shangani tangu miaka ya thelathini na kitu. Pemba mlikuwa na nani?

Babu_Ngambo
1930 kamili, wala si "na kitu". Na kabla ya kufungua yake, mzee Oza alikuwa akifanya kazi kwa Gomes, mpiga picha aliyemtangulia. Lakini hilo la mtu wa mjini kuvaa na kukaa, ngoja nikwambie. Sisi wa Ng'ambo tulikuwa tukienda kupiga picha za Idi na koti moja, vijana wanne. Anatoka huyu, anavua, anavaa mwengine. Picha yangu ya 1971 koti si langu na saa si yangu. Wajukuu wanadhani babu yao alikuwa tajiri.

Mwana_wa_Wete
Ahsante mzee wangu. Sasa huyu anijibu. Karafuu iliyowavisha wao makoti ilitoka wapi kama si Pemba?

Bi_Mkunazini
Mnagombea koti, mwenye mada mmemwacha mlangoni. Kwetu sisi picha ni chache kwa sababu nyengine. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 mama alikaa jikoni usiku akazitia motoni moja moja, kila iliyokuwa na mtu ambaye kujuana naye kulikuwa hatari. Ya harusi yake ilimshinda kuichoma. Akachukua mkasi, akamkata bwana wa kulia. Mpaka leo ipo ukutani na tundu lake. Nilimuuliza mara ngapi ni nani, hakusema, akafa nalo. Binti, piga. Na nyuma ya kila picha andika majina.

Shangani_Asili
Pole sana, dada. Lakini huoni hayo ndiyo ninayoyasema? Picha ilitaka kumponza mama yako.

Bi_Mkunazini
Mama aliponzwa na watu. Usiitwishe karatasi.

BintMalindi
Nimewasoma nyote. Jana nilizitandaza mkekani, bibi akazipitia moja moja. Mbili kazigeuza kifudifudi. Moja yuko kichwa wazi. Ya pili ni mjomba, siku ya hitima ya babu, kajiinamia analia. Hiyo niliipiga bila ya kumuuliza, na niliitia miongoni mwa za kutundika. Nikajua hasira zake zimetokea wapi. Leo asubuhi nimempelekea mkononi, na faili lake nimelifuta mbele yake. Kaitia mfukoni, hakusema kitu.

Babu_Ngambo
Mwache siku mbili tatu. Kisha mpelekee ya baba yake akiwa kijana, kama imo sandukuni.

Mwana_wa_Wete
Mie bado naingoja hiyo "juzi".