Shule ya wavulana haina ada, lakini mkataba wa familia ni mzito. Tusaini au tumpeleke shule ya kata?

ShangaziTukuyu

Habari za jioni wanajukwaa, wakubwa shikamooni.

Naomba ushauri wa wanaozijua hizi shule kwa undani. Mtoto wa kaka yangu, miaka 13, amefaulu darasa la saba. Serikali imempangia shule ya kata, kilomita 5 kwenda na 5 kurudi kwa miguu. Wakati huohuo ameitwa kidato cha kwanza kwenye shule binafsi ya bweni ya wavulana huko Mufindi, inaendeshwa na taasisi ya dini. Ada hakuna kabisa, kitanda na vitabu vya kiada ni vya shule. Anaishi na bibi yake hapa Tukuyu, baba yuko Tunduma.

Mkataba wa familia unadai haya: mzazi au mlezi ahudhurie vikao 5 kwa mwaka mwenyewe, akikosa 2 mtoto anarudishwa nyumbani, siku 2 za kazi za mikono shuleni, gunia 2 za mahindi na debe 2 za maharage kwa mwaka, mtoto abaki kambi ya masomo wiki 2 za likizo ya Juni, wastani usishuke chini ya 50, shule ije nyumbani wakati wowote na itume picha na habari za mtoto kwa wafadhili. Cha mwisho, tukimwondoa kabla ya kidato cha nne, familia "itarejesha gharama".

Bibi anataka tusaini kesho. Mwisho wa kurudisha fomu ni Ijumaa ijayo. Tuangalie nini kwanza?

MtaalumaMafinga

Kamwene dada. Msisaini kesho, Ijumaa bado iko mbali.

Anza na usajili. Muulize Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri shule ilipo kama imesajiliwa mpaka kidato cha nne na kama ni kituo cha mtihani. Namba ya kituo huanza na herufi S. Ukishaipata, ingia tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani) ufanye hesabu ambayo wazazi wengi hawaifanyi: fungua upimaji wa kidato cha pili wa 2022, hesabu majina ya kituo hicho. Kisha fungua kidato cha nne wa 2024, maana ni watoto walewale. Wakiwa 40 kule na 38 huku, hakuna shida. Wakiwa 40 kule na 25 huku, muulize mkuu wa shule hao 15 walikwenda wapi. Daraja la kwanza nyingi hazikuambii chochote kama waliokuwa dhaifu waliondolewa njiani.

Sasa hilo la wastani wa 50. Kwenye madaraja ya NECTA alama C inaanzia 45, kwa hiyo 50 ni C iliyosimama vizuri katika masomo yote. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka 7 anaingia darasani Januari anakuta Baiolojia na Jiografia kwa Kiingereza. Muhula wa kwanza wengi huanguka, na wengi wao ni watoto wenye akili kabisa. Muulize mkuu wa shule: 50 inaanza kuhesabiwa lini? Jibu zuri ni kwamba kidato cha kwanza chote ni cha kumlea mtoto kwenye lugha, na wastani unaanza kuangaliwa kidato cha pili. Uliza pia asipoifikia kinafuata nini: masomo ya ziada, au begi mlangoni? Serikali imekwishazikataza shule binafsi kuwaondoa watoto kwa kigezo cha wastani wa shule yenyewe, na mkuu wa shule analijua hilo. Uliza kwa adabu, jibu liandikwe.

KijanaWaUyole

Mimi naona mnajitesa bure. Shule ya kata nayo haina ada tangu 2016. Hakuna mkataba, hakuna mahindi, hakuna kusafiri. Kilomita 5 watoto wa huku wanatembea kila siku.

MtaalumaMafinga

Mdogo wangu, ada kweli hakuna, waraka namba 5 wa 2015 uliifuta. Ila tofauti ya shule hizi mbili haiko kwenye ada. Kilomita 10 kwa siku ni saa 2 hadi 2 na nusu za mtoto, na mvua za Rungwe unazijua. Bwenini saa hizo anazitumia kwenye masomo ya usiku, taa ipo na mwalimu yupo. Upande wa pili, shule ya kata haimdai bibi asafiri na haimzuii mtoto kusaidia shambani Juni. Shangazi ajiulize kama familia inaweza kulipa kwa siku zake, kwa kuwa shule hii malipo yake ni siku.

NauliNaRatiba

Basi tuzihesabu hizo siku.

Kumpeleka Januari, kumfuata Juni, kumrudisha Julai, kumfuata Desemba: safari 4, maana mtoto wa miaka 13 mwaka wa kwanza hasafirishwi peke yake. Vikao 5, kazi za mikono 2. Jumla safari 11. Kikao kikianza saa 3 asubuhi, mtu wa Tukuyu lazima alale Mafinga, mji wa wilaya ya Mufindi, kwa hiyo kila safari ni siku 2. Siku 22 kwa mwaka, na nauli mara 11 kwenda na kurudi.

Ombeni mambo mawili. Vikao 3 viangukie siku za kufungua na kufunga shule, na siku za kazi ziwe kesho yake baada ya vikao 2 vinavyobaki, mlale mara moja mmalize yote. Hapo safari zinashuka kutoka 11 hadi 6. Shule nyingi za namna hii hukubali kwa wazazi wa mbali, ila lazima uombe mwanzoni kabla kalenda haijachapwa.

Njia: Tukuyu mpaka Uyole, shukeni hapohapo, hamna haja ya kuingia Mbeya mjini. Uyole mnadaka basi la kwenda Iringa au Dar, mnapita Chimala, Igawa, Makambako, mnashuka Mafinga. Kutoka Mafinga kwenda ndani ndiko penye kazi, barabara za udongo wa milimani kuanzia Desemba hadi Aprili huteleza na bodaboda hupandisha bei. Msipange kufika jioni.

Na baba yake aliyeko Tunduma msimwache nje ya hesabu. Kutoka Tunduma anapanda basi moja mpaka Mafinga bila kubadilisha. Bibi ndiye wa kubadilisha magari. Anayepaswa kuhudhuria vikao vingi ni baba.

MtendajiMstaafu

Linalowaponza walezi ni jina. Mkataba unasema "mzazi au mlezi mwenyewe". Akisaini bibi, basi bibi ndiye atakayedaiwa vikao vyote, hata akiumwa miguu. Andikeni majina mawili: baba kama mzazi, wewe shangazi kama mlezi. Kwa upande wako chukua barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, ipitishwe na mtendaji wa kata, itaje kwamba mtoto analelewa na ukoo wa baba na wewe unaruhusiwa kusimama badala yake. Ambatisheni nakala za vitambulisho vya NIDA vya wote wawili na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kama cheti hakipo, kazi hiyo ianze kesho asubuhi kwa msajili wa RITA (wakala wa vizazi na vifo) wilayani, mkibeba kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo na cheti cha kumaliza darasa la saba. Herufi za majina zifanane kote. "Mwakyusa" huku na "Mwakiusa" kule vitamsumbua mpaka siku ya kusajiliwa mtihani.

Na nafasi ya shule ya kata msiitupe kimyakimya. Asiporipoti, mtendaji na afisa elimu kata wataanza kumtafuta. Mpelekeeni mkuu wa shule hiyo ya kata barua kwamba mtoto anakwenda shule binafsi, mkaitaje kwa jina, mbaki na nakala yenye muhuri. Hifadhini pia karatasi ya matokeo ya darasa la saba, ile ya kupangiwa shule na namba yake ya PReM, yaani namba ya usajili wa mwanafunzi. Siku akihitaji kuhamia shule ya serikali, hizo ndizo zitakazoulizwa.

MkulimaIgurusi

Mimi niseme la mahindi tu.

Gunia 2 si wizi. Mvulana anayekua hula karibu nusu kilo ya unga kwa siku, ugali na uji. Bwenini anakaa kama siku 270, hiyo ni kilo 135 za unga. Ukikoboa sembe unapoteza karibu robo, kwa hiyo unahitaji kilo 180 hadi 200 za mahindi. Maharage debe 2 ni sawa pia.

Tatizo ni neno "gunia". Iambieni shule iandike kilo 200, zipimwe kwenye mizani mbele yenu, mpewe risiti. Ukiacha "gunia" utakuta mwaka wa pili mnadaiwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo.

Pelekeni Agosti, msingoje Januari. Agosti mahindi yametoka shambani na bei iko chini. Januari unanunua kwa bei ya njaa. Yakauke sawasawa, kwa sababu stoo ya shule ikipokea mahindi yenye unyevu yanaota ukungu na kuingia sumukuvu (sumu ya ukungu), na mtunza stoo makini atawarudishia. Jipimieni nyumbani: chupa kavu ya kioo, mahindi robo ya chupa, chumvi kavu vijiko 2 vya chai, tikisa dakika 3, acha itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, rudisha juani.

MsaidiziWaSheria

Kifungu cha "kurejesha gharama" ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko vyote. Hakina kiasi wala sababu. Familia ikihama, mtoto akiugua, baba akifariki, shule inaweza kuwapa ankara ya miaka 3. Pendekezeni maneno haya yaongezwe: "Familia haitadaiwa gharama iwapo mwanafunzi ataondoka kwa sababu ya ugonjwa, kifo cha mzazi au mlezi, kuhama makazi, au kuondolewa na shule yenyewe. Kwa sababu nyingine, kiasi hakitazidi shilingi ..." na kiasi kijazwe kabla hamjasaini. Wakikataa kujaza kiasi, mimi ningewashauri msisaini kifungu hicho.

Kiongezwe pia kinyume chake: wafadhili wakijitoa, shule itafanya nini? Angalau wamfikishe mtoto mwisho wa mwaka wa masomo na wawape taarifa ya maandishi miezi 3 kabla.

Kuhusu picha: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka ridhaa yenu kwa taarifa za mtoto. Ruhusuni picha za darasani na barua ya maendeleo kwa mfadhili. Zuieni jina kamili, jina la kijiji na maelezo ya umaskini wa nyumbani kuwekwa mtandaoni. Ziara za nyumbani kubalini, wanahitaji kujua kwamba nafasi imekwenda kwa mwenye shida, ila waandike "kwa taarifa ya siku 2".

MsomajiWaMbali

Nyongeza ndogo ili mkataba usionekane kama ukatili. Mfumo huu una asili yake. Wajesuiti walianzisha shule ya wavulana wa familia za wahamiaji jijini New York mwaka 1971, madarasa madogo, siku ndefu ya masomo, masomo wakati wa likizo, na wazazi wakidaiwa ushiriki wao mahali pa ada. Shule nyingi za Marekani zilifuata mfano huo. Kule ni shule ya kati, mtoto anatoka akiwa na miaka 14 hivi, na shule nzuri za aina hiyo huendelea kumfuatilia akiwa sekondari mpaka chuo. Kwa hiyo swali la kuuliza hapo Mufindi: baada ya kidato cha nne nani anamfuatilia? Kidato cha tano serikalini hakina ada tangu mwaka wa fedha 2022/23, lakini nauli na mahitaji ya kuripoti vipo palepale.

ShangaziTukuyu

Asanteni sana, nimeandika yote kwenye daftari. Kuna mawili yamebaki. Juni ndiyo mavuno ya bibi, na mtoto ndiye mkono wake. Na Januari hii mahindi ya ghalani yameisha, tutapeleka nini?

MatroniWaBweni

Kambi ya Juni usiombe afutiwe, omba apangiwe upande wa likizo unaowafaa. Likizo ina karibu wiki 4. Muulizeni mkuu kama kambi ni wiki 2 za mwanzo au za mwisho. Zikiwa za mwanzo, bibi avune wiki ya tatu na ya nne, mahindi yakikaa shambani wiki 2 zaidi hayaharibiki kama mvua zimekata. Baba naye atoe kibarua wa siku 4 au 5, ndio mchango wake. Mtoto akirudi likizo asifanyishwe kazi mpaka usiku: apewe saa 2 za kusoma kila siku, mezani, penye mwanga. Walimu huligundua hilo kwenye jaribio la wiki ya kwanza Julai.

Mufindi Juni na Julai ni baridi na ukungu. Blanketi zito 1 halitoshi, fungasha 2, sweta 2, soksi nene jozi 4. Tranka la bati, kufuli 2 zenye funguo 3 kila moja, funguo 1 abaki nayo matroni. Nguo zishonwe namba yake ya shule kwa uzi, kalamu hufutika kwenye ndoo ya tatu ya kufua. Simu asipewe, mwandikieni kwenye daftari namba 3 za familia.

MkulimaIgurusi

La mahindi ya Januari: pelekeni kilo 50 kama za kuanzia, na barua inayosema kilo 150 zinazobaki zitafika kabla ya tarehe 31 Agosti. Barua mkabidhi pamoja na mkataba Ijumaa, isiwe siku ya kuripoti. Siku ya kuripoti mtunza stoo ana foleni ya wazazi 40 na hatakuwa na muda wa kusikiliza.