"Command not found" si sababu ya kuformati Ubuntu, jameni!

Wasee, tumechoka. Mtu anasasisha Node (ya kuendesha JavaScript) au Python, terminali, lile dirisha la kuandikia amri, inamjibu "command not found", na ushauri wa kwanza anaopewa humu kundini ni "futa yote, weka upya". Kwa bando la nani? Wengine wanatumwa Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, laptopu ikaformatiwe. Kwa amri moja!

Programu haijapotea. Sheli, si ile ya petroli bali programu inayopokea amri zako kwenye terminali, hutafuta amri kwenye folda zilizotajwa ndani ya PATH, yaani orodha yake ya folda, tu; ikikosa humo, inasema haipo. Kabla ya kufuta chochote andika `echo $PATH`, kisha `type -a node`. Bandikeni majibu hayo hapa kwa maandishi, si picha ya skrini yenye kivuli cha kidole.

Kosa likitaja njia nzima, kama `bash: /usr/bin/node: No such file or directory`, Bash, sheli ya kawaida ya Ubuntu, imekariri mahali pa zamani. Isahaulishe kwa `hash -r`. Imeisha.

Wanaotumia nvm, kile chombo cha kubadilisha matoleo ya Node, ndio wanaopotoshwa zaidi. Kila toleo la Node lina folda yake ya vifurushi vya `-g` (vile npm, kisakinishi cha Node, huweka vitumike popote), kwa hivyo ukihama 20 kwenda 22, `tsc` na `pm2` zinabaki kule nyuma, nzima kabisa. Ilitakiwa `nvm install 22 --reinstall-packages-from=20`, halafu `nvm alias default 22`, la sivyo terminali mpya inaweza kukurudisha kwa toleo la zamani. Na nyinyi wa "tumia sudo": sudo, amri ya kuendesha kitu kwa mamlaka ya msimamizi, kwenye Ubuntu ina PATH yake, `secure_path` ndani ya `/etc/sudoers`, isiyoijua `~/.nvm`, folda ya nvm (`~` ni folda yako ya nyumbani), hata kidogo. Sasa mtu anapata `sudo: npm: command not found`, mmemwongezea tatizo la pili.

Python ni fupi: Ubuntu 20.04 na za baadaye haziji na amri ya `python`. Andika `python3`, au weka kifurushi cha `python-is-python3`.

Mtego wenyewe uko `~/.local/bin`, folda ya amri ulizojiwekea mwenyewe. Faili la `~/.profile` la Ubuntu huiongeza kwenye PATH ikiwa tu folda hiyo ipo wakati unaingia. Imeundwa leo mchana? Toka, uingie tena. Isipokubali, angalia kama kuna `~/.bash_profile`, maana ikiwepo, Bash ya kuingia, kwa mfano kupitia ssh (kuingia kompyuta ya mbali), haisomi `~/.profile` ng'o. Ongeza `. ~/.profile` ndani yake.

Halafu huyu anayewapa wanaoanza lugha ya Go `export PATH=/usr/local/go/bin` bila `$PATH`, yaani bila folda zilizokuwemo! Mstari huo ukiingia `.bashrc`, faili ambalo Bash husoma kila ukifungua terminali, hata `ls` inatoweka. Dawa: `/usr/bin/nano ~/.bashrc`, njia nzima hivyo hivyo, urekebishe iwe `export PATH="$PATH:/usr/local/go/bin:$HOME/go/bin"`, kisha ufungue terminali mpya. Hiyo `$HOME/go/bin` msiiache, ndiko `go install` huweka vitu.

Nyongeza: `docker-compose` yenye kistari, amri ya Docker ya kuendesha kontena kadhaa pamoja, ni toleo la 1, liliacha kupata masasisho Julai 2023. Sasa ni `docker compose`, kwa nafasi. Hapo PATH haina kosa, msiiguse.

Wasimamizi, jibu lolote la "formati" lililotolewa kabla ya kuuliza PATH lifutwe.