Dawa ya tangawizi na limau: mbona inatoka chungu?

MamaKayole: Habari zenu. Baridi hii ya Julai imetuletea mafua nyumbani. Nachemsha tangawizi, limau lililokatwa na asali pamoja kwa dakika 20, lakini inatoka chungu, haishuki. Nakosea wapi? Na mtoto wa miezi 8 anaweza kuionja?

Jikoni254: Dada, uchungu huo ni wa ganda, hasa ile sehemu nyeupe iliyo chini yake. Limau halichemshwi. Ponda tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, tia vikombe 2 vya maji, ikichemka punguza moto na ufunike kwa dakika 10. Epua, chuja, ngoja hadi kikombe kishikike bila kuunguza kiganja. Hapo ndipo ukamulie nusu limau na utie kijiko cha asali. Koo likiwasha, sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, kisha uteme.

Muuguzi_Eastlands: Mtoto huyo asipewe asali, mama, hata tone, hadi atimize mwaka 1. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu (ugonjwa hatari unaolegeza misuli), na kuchemsha jikoni hakuziui mbegu hizo. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Usimfukizie mvuke, maana sufuria ikipinduka inamuunguza vibaya. Akipumua haraka, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, mpeleke hospitali usiku huohuo.

MamaKayole: Asanteni sana. Asali naiweka juu kabatini.