Ventileta: kaboni haishuki, niongeze ujazo wa pumzi?

Zamu_Kondele: Wadau, niko zamu ya usiku hapa Kisumu. Mama ana nimonia ya mapafu yote mawili, siku ya pili kwenye ventileta (mashine ya kupumulisha). Oksijeni 91, kaboni (kaboni dioksidi) ya damu 58, pH (kipimo cha asidi ya damu) 7.26. Alamu ya shinikizo hailali. Nataka kaboni ishuke hadi 40. Niongeze ujazo kiasi gani?

Seksheni58: Kichwa cha kitanda kiko nyuzi 30 hadi 45? Puto la mrija wa kooni limepimwa? Libaki sentimita 20 hadi 30 za maji. Likilegea mate yanateremka mapafuni, likikazwa linaua ngozi ya koo. Watu hukimbilia vitufe.

Zamu_Kondele: Hayo yako sawa. Nauliza ujazo.

Dunga_Jioni: Umeweka ngapi? Urefu wake? Na shinikizo unalisoma ukiwa umesimamisha pumzi, ama unasoma kilele tu?

Zamu_Kondele: Mililita 530, mara 14 kwa dakika. Nikisimamisha, 34. Ana kilo 88, kwa hiyo ni 6 kwa kilo kama kawaida. Urefu 160.

Dunga_Jioni: Kilo za mizani! Mafuta hayapumui, daktari; kilo zihesabiwe kwa urefu. Mwanamke: urefu toa 152.4, zidisha 0.91, ongeza 45.5. Huyu ni kilo 52, kwa hiyo 6 kwa kilo ni mililita 315 hivi. Wewe unampa 10. Mashine haiponyi nimonia. Inapitisha oksijeni ya kutosha, inatoa kaboni kwa kiasi cha kuvumilika, inapumzisha misuli, na isichane pafu wakati dawa inafanya kazi. Shinikizo la kusimamisha pumzi lisipite 30. Shuka 470, 420, 365, 315, kila hatua saa moja au mbili. Pandisha idadi ya pumzi hadi 26 kwa dakika: 315 mara 26 ni lita 8.2, sasa una 7.4. Mchoro wa hewa inayotoka urudi sifuri kabla ya pumzi ijayo, la sivyo hewa inarundikana na presha inaanguka. Kama hana jeraha la kichwa, pH 7.2 inavumilika.

Zamu_Kondele: Shida ni kwamba hiyo 530 ni ya mwanzo; tangu saa nne nimeshaweka 580, na kaboni imeshuka 4. Nikirudi chini, mkubwa asubuhi ataniuliza.

Mwalimu_wa_Wodi: Unaogopa mkubwa kuliko pafu? Utafiti wa Marekani wa 2000, wagonjwa 861: pumzi ndogo vifo asilimia 31, pumzi kubwa 39.8.

Stima_Imepotea: Na mfuko wa kupumulisha kwa mkono uko kitandani, ama uko kabatini na ufunguo umeenda nyumbani?

Nyanza_Macho: Hili ni swali la mtihani. Namba zimepangwa mno. Kipimo cha pili cha gesi ya damu kiko wapi?

Zamu_Kondele: Si mtihani. Hiyo 4 ni ya kapnografu, kifaa kinachopima kaboni kwenye hewa anayotoa.

Nyanza_Macho: Ala! Pafu likijazwa kupita kiasi linabana mishipa yake, damu haifiki kuacha kaboni. Kapnografu inashuka huku ya damu ikipanda. Presha ni ngapi?

Zamu_Kondele: 88/50. Saa tatu ilikuwa 112.

Dunga_Jioni: Mtihani ama si mtihani, shusha hadi 470 sasa hivi. Sikiliza pande zote mbili za kifua, pafu lisiwe limepasuka, kisha pima gesi ya damu baada ya nusu saa. Na umwite mkubwa wako, usingoje asubuhi.